UZI: Maswali ya umeme, sumaku na mwanga yaliyonigomea. Wataalamu wa fizikia karibuni

Fundi_Ghorofani:
Wakuu, habari za jioni.

Nimejisajili kufanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, tahasusi PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati). Mchana natengeneza simu, usiku napiga maswali. Mekanika na joto nimeshamalizana nayo. Kwenye umeme, sumaku na mwanga ndiko ninakokwama. Mwalimu sina. Nina kitabu kilichopachikwa majibu nyuma bila njia, na video za walimu wa Kihindi kule YouTube. Jibu langu likitofautiana na la kitabu ndio nimefika mwisho wa barabara.

Nitaweka maswali moja moja. Msinipe jibu, jibu ninalo. Nataka kujua kwa nini.

Swali la 1. Chaji ya +4 µC na chaji ya −1 µC zimetenganishwa kwa sm 30. Tafuta sehemu ambayo uga wa umeme ni sifuri. Mimi nimeishia kwenye mlinganyo wa kipeo cha pili nikapata majibu mawili: sm 30 na sm −10. Kitabu kimeandika sm 30 peke yake. Kuna mtu kaniambia "tupa lile la hasi, umbali hauwezi kuwa hasi". Sijaridhika.

Bandari_Salama:
Fundi, kabla ya uga wa umeme, ile Tecno yangu niliyokuachia vipi? Maana nayo uga wake ni sifuri tangu wiki iliyopita.

Fundi_Ghorofani:
Mkuu njoo uichukue, ilikuwa chaji pini tu. Turudi kwenye mada.

Mwl_Chaki:
Kijana, aliyekwambia hivyo amelikimbia swali. Hasi hapo ina maana yake kamili, na ukiitupa bila kuisikiliza leo, kesho utaitupa mahali ambapo ndiyo jibu.

Weka kalkuleta chini, chukua karatasi. Chora mstari mlalo. Kushoto weka +4, kulia weka −1. Sasa chukua chaji ndogo chanya ya kufikirika, itembeze kwenye mstari huo, na kila inapokaa jiulize: huyu wa kushoto ananisukuma wapi, na huyu wa kulia ananivuta wapi?

Ukiwa katikati yao: +4 inasukuma kwenda kulia, −1 inavuta kwenda kulia. Wote upande mmoja. Hapo hakuna kufutana hata ufanyeje.

Ukiwa kushoto kabisa, nje ya +4: mishale inapingana, sawa, lakini uko karibu na mkubwa na mbali na mdogo. Mdogo hatamfikia kamwe.

Ukiwa kulia, nje ya −1: mishale inapingana, na sasa uko karibu na mdogo, mbali na mkubwa. Hapa ndipo wanaweza kulingana.

Kwa hiyo kabla hujaandika namba hata moja unajua jibu linakaa wapi. Tuseme ni x kutoka −1 kwenda kulia:

4/(0.3 + x)² = 1/x²

Usifungue mabano. Chukua kipeuo cha pili pande zote: 2x = 0.3 + x, basi x = 0.3. Ni sm 30 kulia kwa −1.

Sasa lile −10. Maana yake ni sm 10 kushoto kwa −1, yaani katikati ya chaji zote mbili. Nenda kapime pale. Kutoka +4 ni sm 20: 9×10⁹ × 4×10⁻⁶ ÷ 0.04 = 9×10⁵ N/C. Kutoka −1 ni sm 10: 9×10⁹ × 1×10⁻⁶ ÷ 0.01 = 9×10⁵ N/C. Umeona? Vinalingana kabisa. Ila vyote vinaelekea kulia, kwa hiyo jumla ni 1.8×10⁶ N/C, mbali sana na sifuri. Mlinganyo wako uliuliza "wapi ukubwa unalingana?", ukajibiwa sawasawa. Habari ya mwelekeo ulishaiua mwenyewe pale ulipoweka vipeo vya pili.

Fundi_Ghorofani:
Mwalimu, shikamoo. Hapo nimekupata. Yaani ile sm −10 ilikuwa jibu halali la swali jingine.

Sasa nina la nyongeza. Pale sm 30 ambapo uga ni sifuri, potenshali (volti za mahali pale) nayo ni sifuri, siyo?

Mwl_Chaki:
Marahaba. Siyo. Piga hesabu uone.

Sanga_wa_Chuo:
Ngoja nimsaidie mwalimu. Potenshali haina mwelekeo, inajumlishwa kama hela, chanya ni chanya na hasi ni deni. Pale sm 30 nje ya −1, uko sm 60 kutoka +4:

V = 9×10⁹ × (4×10⁻⁶/0.6 − 1×10⁻⁶/0.3) = 30,000 V.

Uga sifuri, potenshali volti elfu thelathini. Na ukitafuta potenshali ilipo sifuri kwenye mstari huo utapata sehemu mbili: sm 6 kutoka −1 ukiwa katikati, na sm 10 kutoka −1 ukiwa nje upande wa kulia. Sehemu zote hizo uga upo na una nguvu zake.

Wewe ni fundi simu, hili unaliishi kila siku. Bodi ikiwashwa, laini nzima ya betri iko kwenye volti 3.8 hivi. Weka ncha zote mbili za malti-mita juu ya laini hiyohiyo, itasoma sifuri. Volti zipo, tofauti haipo. Uga unafuata jinsi potenshali inavyobadilika ukisogea, haujali potenshali yenyewe ni kubwa kiasi gani.

Fundi_Ghorofani:
Duh. Miaka yote naweka ncha nyeusi kwenye graundi na sijawahi kujiuliza graundi ni sifuri kwa amri ya nani.

Sanga_wa_Chuo:
Kwa amri yako wewe uliyeichagua. Kwenye swali lako aliyechagua ni mwandishi wa kitabu, kaiweka sifuri mbali kabisa, kusiko na mwisho.

Fundi_Ghorofani:
Swali la 2. Koili ya mizunguko 200, eneo lake sm² 25, iko kwenye uga sumaku wa 0.4 T unaopita wima kwenye uso wake. Uga unashuka hadi sifuri ndani ya sekunde 0.05. Tafuta volteji inayozalishwa. Mimi napata 400 V, kitabu 4 V. Kanuni nimetumia ileile, N (idadi ya mizunguko) mara badiliko la fluksi (uga mara eneo) gawa kwa muda.

Kusuka_Mota:
Nimecheka kwa sauti. Fundi, volti 400 kwenye kikoili cha ukubwa wa kiganja? Mimi ningeogopa kukishika.

Umebadilisha sm² kuwa m² kwa kugawa kwa 100. Sm moja ni sehemu ya mia ya mita, lakini sm² moja ni sehemu ya elfu kumi ya m². Kwa hiyo 25 ni 0.0025, siyo 0.25. Halafu:

200 × 0.0025 × 0.4 ÷ 0.05 = 4 V.

Kazini kwetu ukisuka mota ukakosea hivi, moshi unakuambia. Kwenye karatasi hakuna moshi, kwa hiyo jiulize mwenyewe kama namba inafanana na kitu.

Fundi_Ghorofani:
Nimeelewa, nimenyamaza.

Kipengele (b) kinauliza mwelekeo wa mkondo. Najua Lenz kasema mkondo unapinga badiliko, lakini mimi huwa nachanganya: unapinga uga au unapinga badiliko?

Kusuka_Mota:
Badiliko. Uga ukipungua, mkondo unasaidia uga uliokuwepo, unauzuia usiondoke. Uga ukiongezeka, mkondo unaupinga. Watu wengi wanakariri "unapinga uga" na wanapata nusu ya maswali, kisha wanalaumu mtungaji.

Una hadi-diski mbovu hapo dukani? Ifungue, toa ile sumaku ya ndani. Angalia vidole, zina nguvu hatari, zikikubana ngozi utatukana. Sasa tafuta fremu ya alumini ya dirisha au bapa lolote nene la alumini, liinamishe, halafu iteleze sumaku juu yake. Kwanza hakikisha alumini haivutwi na sumaku, maana hapo ndipo utamu ulipo. Haigandi kabisa, lakini ukiiachia inashuka taratibu kama vile mtu kapaka asali.

Sumaku inaposogea, uga unabadilika ndani ya alumini. Mikondo inazunguka mle ndani, nayo inatengeneza uga wake unaopinga kusogea. Halafu fikiri hivi: je, inaweza kuisimamisha kabisa?

Fundi_Ghorofani:
Nimejaribu sasa hivi kwa kipande cha fremu cha jirani, fundi alumini. Kweli bwana, inashuka kama imechoka. Jirani kaacha kazi anachezea yeye sasa.

Jibu langu: haiwezi kusimama. Ikisimama hakuna badiliko, hakuna badiliko hakuna mkondo, hakuna mkondo hakuna kizuizi, basi itaanza tena kushuka. Lazima ifike kasi fulani itulie nayo.

Mwl_Chaki:
Huyo ndiye mtahiniwa. Na ongeza hapohapo: lau mkondo ungesaidia badiliko badala ya kulipinga, sumaku ingeshuka ikiongeza kasi na alumini ingepata joto, vyote bure bila mtu kulipia. Sheria ya Lenz ni hifadhi ya nishati imevaa nguo nyingine. Faraday aliipata habari ya kuzalisha mkondo kwa badiliko la uga mwaka 1831, na Lenz akaja kuweka mwelekeo miaka michache baadaye.

Mzee_wa_Hoja:
Samahani wakuu, naingilia. Mimi siyo mwanafunzi ila hili limenisumbua siku nyingi. Wataalamu huwa mnasema joto linalopotea kwenye waya ni I²R, yaani mkondo mara mkondo mara ukinzani. Mwanangu wa sekondari ananiambia pia ni V²/R. Sasa kama ni V²/R, volteji kubwa ni hasara kubwa. Mbona umeme wa Bwawa la Nyerere pale Rufiji unapandishwa hadi kilovolti 400 ndio usafirishwe kwenda Chalinze? Si wangeshusha?

Mshamba_Mjini:
Mzee kawabana. Ngoja nikae pembeni na karanga zangu.

Kusuka_Mota:
Shikamoo mzee. Swali zuri kuliko ya kitabuni. Fomula zote mbili ni sahihi, mtego uko kwenye V. V ya nini?

Tuchukue mfano mwepesi, tusahau kwanza habari ya fezi tatu. Unasafirisha MW 100 kupitia waya wenye ukinzani wa Ω 10.

Kwa kV 220: mkondo ni 100,000,000 ÷ 220,000, kama A 455. Hasara I²R ni kama MW 2.07.

Kwa kV 400: mkondo ni A 250. Hasara ni 250 × 250 × 10 = W 625,000, yaani MW 0.625.

Sasa tumia V²/R. Mtu akiweka 400,000 pale juu anapata MW 16,000 za hasara, zaidi ya mara saba ya uwezo wa bwawa zima, ambao ni MW 2,115. Haiwezekani. Hiyo kV 400 ni tofauti kati ya waya na waya au waya na ardhi. Waya wenyewe, kutoka kichwa chake Rufiji hadi mkia wake, unapoteza volti 250 × 10 = 2,500 tu. Hiyo ndiyo V inayokaa kwenye V²/R: 2,500² ÷ 10 = W 625,000. Imerudi palepale.

Mzee_wa_Hoja:
Marahaba mwanangu. Kwa hiyo V lazima iwe ya kitu kilekile chenye hiyo R.

Kusuka_Mota:
Hasa. Mzee umelisema vizuri kuliko mimi.

Nuru_ya_Tanga:
Na ndiyo maana jagi la umeme huchelewa kuchemsha jioni. Jagi la W 2,000 kwa V 230 lina ukinzani wa kama Ω 26.5. Umeme ukishuka hadi V 190 linatoa W 1,365 tu. Volti zimepungua kwa asilimia 17, moto umepungua kwa asilimia 32. Hapo V²/R inakubali kwa sababu V ni ya jagi na R ni ya jagi. (Ukinzani nao hubadilika kidogo na joto, ila kwa jagi tunasamehe.)

Fundi_Ghorofani:
Asanteni. Sasa tuhamie kwenye mwanga, huku ndiko nilikotaka kurusha kitabu dirishani.

Swali la 3. Kioo mbonyeo, kile kinachokusanya miale, kina urefu wa fokasi sm 20. Kitu kiko sm 30 mbele yake. Taswira iko wapi? Kitabu: sm 60. Video: sm −60. Mwalimu wa video anachora taswira halisi mbele ya kioo, kitabu kinachora halisi mbele ya kioo. Mchoro mmoja, alama mbili. Nani mkweli?

Sanga_wa_Chuo:
Wote. Video ya Mhindi inatumia utaratibu wa Kikartesi: unaanzia kwenye kioo, ukienda upande mwanga unakoelekea ni chanya, ukirudi nyuma ni hasi. Kitu kipo kushoto, basi umbali wake u = −30, fokasi ipo kushoto, f = −20, na taswira ikiwa kushoto inatoka −60. Kitabu chako kinatumia ule wa "halisi ni chanya", tuliorithi kwa Waingereza: kila kitu halisi ni chanya, cha kufikirika ni hasi. Taswira ni halisi, basi +60.

Ushauri wangu hamia Kikartesi. Ukifika kwenye lenzi mbili tatu zilizopangana utanishukuru.

Mwl_Chaki:
Sanga, usimhamishe mtu nyumba mvua inanyesha. Ana mtihani. Kitabu chake, pepa za nyuma na miongozo ya kusahihisha aliyonayo ni vya "halisi ni chanya". Abaki hapo, Kikartesi atakikuta chuo.

Sanga_wa_Chuo:
Mwalimu, heshima yako, lakini ndio maana tunafika chuo tunaanza upya. Huo utaratibu wa zamani unakulazimisha ujue kama taswira ni halisi kabla hujakokotoa.

Mwl_Chaki:
Haulazimishi. Unaweka u na f na alama zake, v, umbali wa taswira, inajitokeza na alama yake, alama inakuambia. Ni uleule unaoutumia wewe, umegeuza tu kiti. Ninachokataa mimi ni mtu kukalia viti vyote viwili. Na hilo ndilo linalowaua. Kwenye lenzi, Kikartesi kinaandika 1/v − 1/u = 1/f. "Halisi ni chanya" inaandika 1/v + 1/u = 1/f. Mtoto anachukua fomula ya video na alama za kitabu. Chukua lenzi mbinuko, iliyonenepa katikati, f ni sm 15, kitu kiko sm 10. Akichanganya hivyo anapata 1/v = 1/15 + 1/10, v = sm 6, taswira halisi nyuma ya lenzi. Lenzi hiyo ni ya kukuzia maandishi! Umewahi kuona kioo cha kukuzia kikitupa taswira ukutani ukiwa umekiweka karibu na gazeti?

Utaratibu wowote ukifuatwa mpaka mwisho unatoa v = −30: taswira ya kufikirika, upande uleule wa kitu, kubwa mara tatu.

Fundi_Ghorofani:
Nina kioo cha kukuzia cha mezani kwa ajili ya kuchomelea IC. Nimeona sasa hivi: karibu inakuza wima, nikiinua mbali maandishi yanapinduka. Nimebaki na "halisi ni chanya" mpaka mtihani upite. Sanga usinune.

Sanga_wa_Chuo:
Sinuni. Ila chora miale kila mara. Kitu kikiwa kati ya f na 2f taswira lazima ivuke 2f. Sm 60 imevuka sm 40, basi uko salama hata kabla ya kufungua ukurasa wa majibu.

Fundi_Ghorofani:
Swali la 4. "Mwale unatoka hewani kuingia kwenye glasi yenye fahirisi ya mpindo 1.5. Tafuta pembe kikomo." Naandika sini kinyume ya 1.5, kalkuleta inagoma. Nimebadilisha betri, bado inagoma.

Mshamba_Mjini:
Kabadilisha betri 😂😂

Nuru_ya_Tanga:
Kalkuleta yako nzima kabisa, inasema ukweli. Hakuna pembe ambayo sini yake ni 1.5, kwa sababu ukitoka hewani kwenda kwenye glasi hakuna pembe kikomo. Mwanga unapoingia mahali pazito unapinda kuelekea wima, kwa hiyo daima una pa kwenda. Pembe kikomo ipo ukitoka kwenye glasi kwenda hewani: sini = 1/1.5, pembe ni nyuzi 41.8. Zaidi ya hapo mwale hautoki, unaakisiwa wote ndani. Swali limeandikwa vibaya, au mtungaji anakupima.

Halafu kidogo nje ya mada: sheria hii inaitwa ya Snell, Mholanzi wa miaka ya 1620, lakini Ibn Sahl alikuwa ameshaitumia Baghdad mwaka 984 akitafuta umbo la lenzi ya kukusanyia jua liunguze. Mwalimu wangu wa madrasa na mwalimu wangu wa fizikia wangeelewana sana.

Kijana_wa_Likoni:
Salamu kutoka Mombasa. Hiyo ndiyo inayobeba huu uzi mnaousoma. Kebo za baharini ni nyuzi za glasi, ya ndani ina fahirisi kubwa kidogo kuliko ya nje. Mfano wa kitabuni ni 1.48 ndani na 1.46 nje, pembe kikomo inakuwa nyuzi 80.6 hivi, kwa hiyo mwale lazima uwe karibu sambamba na waya.

Swali langu kwa Fundi: kebo ya TEAMS iliyoanza kazi 2009 inatoka Fujairah, Falme za Kiarabu, hadi hapa Mombasa, kama kilomita 5,000. Mwanga utachukua muda gani kwenda na kurudi?

Fundi_Ghorofani:
Kasi kwenye glasi ni 3×10⁸ gawa 1.48, tuseme kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda milisekunde 25, kurudi 25. Jumla 50. Yaani mteja akilalamika gemu yake inachelewa, milisekunde hamsini ni za Mwenyezi Mungu, zilizobaki ndizo za kampuni.

Kijana_wa_Likoni:
Hahaha, hiyo nitaiandika ukutani ofisini.

Mwl_Chaki:
Kijana, pepa ya vitendo nayo ipo. Una leza nyekundu ya kuchezea, zile za mtaani, na sidii ya zamani? Leza nyingi za hivyo zina urefu wa wimbi karibu na nm 650, angalia kibandiko. Mulika sidii moja kwa moja, wima kwenye uso wake. Toboa kadibodi, pitisha mwale kwenye tundu, sidii iwe mita moja kutoka kwenye kadibodi, doa la katikati lirudi palepale kwenye tundu. Pembeni utaona madoa mengine. Usitazame leza wala mwakisiko wake kwa jicho, na watoto watoke chumbani. Pima umbali wa doa la kwanza, kisha niambie mistari ya sidii imeachana kiasi gani.

Fundi_Ghorofani:
Nimefanya. Kadibodi ilibidi niunge mbili kwa sababu madoa yanaenda mbali. Doa la kwanza liko sm 44 kutoka katikati, kushoto na kulia sawa. Tanjenti ni 0.44, pembe ni nyuzi 23.7, sini 0.403. Basi umbali kati ya mistari, d, ni urefu wa wimbi gawa sini: 650 ÷ 0.403 = nm 1,613, mikromita 1.6.

Doa la pili nalo lipo, hafifu, karibu mita moja na nusu huko pembeni, nimelikuta kwenye mlango wa kabati. La tatu nimelitafuta sijaliona.

Mwl_Chaki:
Sidii imetengenezwa kwa mikromita 1.6. Umeipima kwa rula.

La tatu usilitafute. Kokotoa.

Fundi_Ghorofani:
Sini yake ingekuwa 3 × 650 ÷ 1,600 = 1.22. Kalkuleta inagoma tena. Kumbe halipo.

Na nimeweka dividii. Doa la kwanza limekimbia mita 1.8, na la pili halipo kabisa. Mistari yake ni mikromita 0.74, nimeikuta kwenye hesabu kabla ya kusoma mtandaoni, nikapata 0.74.

Sanga_wa_Chuo:
Sasa mimi nikupe la kwangu. Diski ya Blu-ray ina mikromita 0.32. Chukua leza ya zambarau ya nm 405. Madoa mangapi?

Fundi_Ghorofani:
405 ÷ 320 ni 1.27. Hakuna la pembeni hata moja. Doa la katikati peke yake.

Sanga_wa_Chuo:
Ukimulika wima, ndiyo. Inamisha leza nyuzi 30.

Fundi_Ghorofani:
Ngoja, hili kitabuni halipo.

Ukiinamisha, mwale unafika kwenye mstari mmoja kabla ya mwingine, kwa hiyo tofauti ya njia inaanza hata kabla ya kuakisiwa. Inakuwa d(sini ya kuingia + sini ya kutoka) = λ, urefu wa wimbi. Sini 30 ni 0.5. Basi sini ya kutoka = 1.266 − 0.5 = 0.766, nyuzi 50. Doa lipo, na kwa mchoro wangu liko upande uleule leza ilipo, siyo upande wa mwakisiko.

Sanga_wa_Chuo:
Sahihi, nyuzi 50, upande wa leza.

Mwl_Chaki:
Sahihi. Transfoma na saketi za mkondo geu fungulia uzi mwingine, huu umekuwa mrefu na simu yangu inaanza kukwama.

Bandari_Salama:
Mwalimu mpelekee Fundi aiangalie. Mimi yangu nimeshaichukua, inapokea chaji.